Sauti Zisizo na Msemaji: Historia Fupi ya Wasikiao Sauti na Lugha Yao Mjini Nairobi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo aghalabu huachiwa madaktari na wahubiri, yaani jambo la mtu kusikia sauti ilhali hapana mtu asemaye. Hoja yetu ni kwamba jambo hilo ni la wataalamu wa lugha pia. Mtu aliyesikia sauti hana ushahidi mwingine wa kutoa isipokuwa maneno yake mwenyewe. Akisema "nimeitwa", ama ataaminiwa, ama ataombewa, ama atapelekwa hospitali. Na uamuzi huo hutegemea jinsi maneno hayo yanavyofasiriwa na yule anayeyapokea. Mjini Nairobi, ambako tangu mwanzo wa karne ya ishirini mgonjwa, karani, askari na daktari wamekutana kila mmoja na lugha yake, na Kiswahili kikiwa daraja baina yao, fasiri hiyo imepata kuwa sababu ya watu kufungiwa au kuachwa huru.

2. Ushahidi wa msamiati

Na tuanze na neno lililo mashuhuri kuliko yote, wazimu. Shina lake, -zimu, linapatikana pia katika mzimu, kuzimu na zimwi. Katika lugha za jirani tunalikuta katika Kikamba, ambako aimu ni pepo za wahenga, na katika Kikikuyu, ambako irimu ni zimwi la hadithini. Yamkini, basi, kwamba "ana wazimu" hapo kale haikuwa sifa ya akili ya mtu, bali habari ya wageni waliomfikia. Leo twasema "wazimu umempanda", kwa upatanisho wa umoja, kana kwamba wazimu ni kitu kimoja kisicho na uso. Hata hivyo kitenzi kupanda kimebaki vile vile, nacho ndicho kitenzi cha pepo: pepo humpanda mtu, na huyo apandwaye huitwa kiti chake. Sarufi imekwisha kubadilika, lakini kitenzi kingali kinatunza kumbukumbu.

Mfano wa pili ni wasiwasi. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mnong'ono, hususa mnong'ono wa Shetani katika vifua vya watu, kama itajwavyo katika sura ya mwisho ya Kurani. Mwenye wasiwasi alikuwa mtu anayenong'onezwa. Siku hizi ni mtu mwenye mashaka tu, na yule mnong'onaji amesahauliwa. Neno majinuni nalo lilikuja na jini wake ndani, na asili ya neno jini katika Kiarabu ni kufichika.

Sasa tutazame upande wa pili. Kwa macho yanayodanganyika Kiswahili kina maneno mengi: maruweruwe, mazigazi, kiinimacho, njozi. Kwa masikio yanayodanganyika hatuna hata neno moja lililoenea. Tuna mwangwi, lakini mwangwi una mwenyewe; tuna uvumi, lakini uvumi una watu waliouanzisha. Hatudhani kwamba pengo hili ni upungufu wa lugha. Macho yanaweza kuona kitu kisichokuwako, lakini neno lililosikiwa, kwa mazoea ya wasemaji wa Kiswahili, lazima liwe na mneni. Kwa hiyo aliyesikia sauti hakuulizwa kama alisikia kweli au la. Aliulizwa: ni nani aliyekuita? Ndiyo maana wazee wengi, wa pwani na wa bara, huwafunza watoto wasiitike waitwapo usiku kabla hawajamjua aitaye. Mafunzo hayo hayakanushi sauti, bali yanadai utambulisho wake.

3. Utaratibu wa kusikiliza

Swali hilo la "ni nani?" lilikuwa na utaratibu wake. Katika Desturi za Wasuaheli, kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari kilichotolewa na Velten mwaka 1903, tunasoma habari za pepo na matibabu yao. Kiini cha kupunga pepo ni mazungumzo. Mganga humtaka pepo ajitaje jina na kabila lake na aseme anataka nini. Pepo akiwa wa Kiarabu hutarajiwa kutumia Kiarabu, na akiwa wa Kimasai husema kwa namna ya Wamasai. Sauti ambayo ilikuwa siri ya mtu mmoja hutolewa hadharani na kujibiwa, na hatimaye hupewa masharti ya kukaa au kuondoka.

Kwa upande wa bara, Jomo Kenyatta katika Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938, amesimulia habari za Mugo wa Kibiro, mwaguzi aliyetabiri kuja kwa wageni na nyoka wa chuma. Kwa masimulizi hayo, Mugo aliamka asubuhi akitetemeka, ana michubuko mwilini, na hawezi kusema. Wazee walitoa sadaka kwanza. Kisha kauli ilipomrudia, wakakaa kumsikiliza. Hatuna haja hapa ya kuamua kama utabiri huo ulikuwa wa kweli. Linalotuhusu ni kwamba palikuwa na baraza la kuupokea, na kwamba mtu huyo hakuachwa peke yake na yale aliyoyasikia.

4. Mathari

Mwezi Julai mwaka 1910, katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya wendawazimu mjini Nairobi. Mwaka 1924 ikaitwa Hospitali ya Akili ya Mathari. Wagonjwa walitengwa humo kwa rangi: Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waafrika mbali. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 msimamizi wake alikuwa Dakta J. C. Carothers, ambaye alipoanza kazi hiyo hakuwa na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Huyu ndiye aliyeandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, ambamo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ikachapisha maelezo yake juu ya Mau Mau, ambamo uasi wenye madai ya ardhi ulielezwa kama maradhi ya nafsi. Frantz Fanon alimjibu kwa ukali mwaka 1961.

Katika mfumo huo lile swali la zamani liligeuzwa. Haikuulizwa tena sauti ni ya nani, bali mtu anayesikia ana kasoro gani. Mfano ulio wazi ni wa Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa katika nchi ya Wabukusu. Jina lenyewe la dini hiyo ni la pepo za wahenga, ambalo Waganda pia wanalo katika neno misambwa. Masinde alihubiri kama nabii na kuwapinga wakoloni waziwazi. Mwaka 1945 alipelekwa Mathari, akakaa huko hadi mwaka 1947. Mwezi Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi, watu kumi na mmoja wakafa. Dini ikapigwa marufuku, na Masinde akakamatwa na kuhamishiwa Lamu, asiachiliwe mpaka 1961. Katika muda wa miaka mitatu, basi, mtu yule yule alihesabiwa kwanza kuwa mgonjwa na kisha kuwa mwasi. Maneno yake hayakubadilika. Aliyebadilika ni mpokeaji na haja yake. Wala uhuru haukumaliza jambo hilo, kwani dini yake ilipigwa marufuku tena mwaka 1968. Masinde alifariki mwaka 1987.

Habari za Arathi, waliojulikana pia kwa jina la Watu wa Mungu, zinafanana na hizo. Arathi maana yake ni manabii, watu wanaodai kupokea maneno na ndoto kutoka kwa Mungu. Mwezi Februari 1934 watatu miongoni mwao waliuawa na polisi katika msitu wa Ndarugu. Leo warithi wao, Waakorino wenye vilemba vyeupe, wanapiga ngoma zao Jumapili huko Kawangware, Kangemi na Dagoretti bila kuulizwa na polisi. Ama Mathari, jina lake limekwisha kuwa neno la matusi katika Nairobi nzima; kumwambia mtu kuwa anafaa kupelekwa huko ni kumnyima haki ya kusadikiwa.

5. Sauti za kila siku

Lingekuwa kosa kudhani kwamba wasikiao sauti ni manabii na wagonjwa peke yao. Chama cha Uingereza kilichochunguza mambo ya namna hii kiliwauliza watu wapatao 17,000, na katika taarifa yake ya mwaka 1894 takriban mmoja katika kila kumi alikiri kupata kuona, kusikia au kuguswa na kitu kisichokuwako, naye yuko macho. Mwaka 1971 daktari Dewi Rees alichapisha uchunguzi wake juu ya wajane 293, wanawake kwa wanaume, katika sehemu moja ya Wales. Karibu nusu yao walikuwa wamehisi kuwako kwa marehemu kwa namna fulani, na asilimia 13 hivi walikuwa wameisikia sauti yake. Wengi hawakuwa wamemwambia mtu.

Anayekaa Nairobi hatashangaa. Mtu aliye katika mang'amung'amu alfajiri husikia jina lake likitajwa. Mvua ikipiga mabati ya Kawangware, aliyefiwa husikia ndani yake kikohozi anachokijua. Abiria wa matatu katika Waiyaki Way huingiza mkono mfukoni kwa sababu simu imelia, naye akiitazama hukuta haikulia. Wataalamu wanaeleza kwamba akili yenye tazamio kubwa huikamilisha kelele kuwa neno. Na kwamba huenda baadhi ya sauti ni semi za ndani za mtu mwenyewe ambazo ubongo umeshindwa kuzitambua kuwa ni zake. Uchunguzi uliochapishwa London mwaka 1993 ulionyesha kwamba, mgonjwa asikiapo sauti, sehemu ya ubongo ihusikayo na kutoa usemi huwa inafanya kazi. Homa kali, kukosa usingizi, uziwi na kuachishwa pombe ghafla vinaweza pia kuleta sauti.

Hatusemi haya ili kupunguza uzito wa maradhi. Ziko sauti zinazomwamuru mtu ajidhuru au amdhuru mwenziwe, na mtu huyo anahitaji tiba upesi. Lakini hata katika maradhi utamaduni una kauli yake. Mwaka 2015 Tanya Luhrmann na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na wagonjwa 60, ishirini katika kila mji: San Mateo huko Marekani, Accra na Chennai. Wamarekani walizieleza sauti zao kama mashambulizi na dalili ya ubongo mbovu. Huko Accra wengi walisema wanamsikia Mungu, na huko Chennai wengi waliwasikia jamaa zao wakiwashauri na kuwakemea. Mwenye jamaa hujua namna ya kuzungumza nao.

6. Swali la daktari

Hapa ndipo mwanaisimu anapohitajika. Chukua swali, "Je, unasikia sauti?" Katika Kiswahili sauti ni ya mtu, ya mlango na ya ngoma, haitofautishi usemi na mlio. Na kusikia si kazi ya masikio tu: twasikia harufu, twasikia njaa, twasikia baridi, na mtoto asiyesikia si kiziwi bali ni mkaidi. Mgonjwa akijibu "ndiyo", amejibu swali lipi miongoni mwa hayo?

Zaidi ya hayo, kuna kauli ya kutendwa. Kiswahili humruhusu msemaji kusema "nimeambiwa" au "nimeitwa" bila kumtaja mtendaji, na wasikilizaji wake hawaoni ajabu. Vilevile mtu mwenye akili timamu husema "moyo uliniambia nisiende", naye anaeleza jinsi alivyoamua. Mfasiri akiyageuza maneno hayo neno kwa neno, daktari asiyejua lugha ataandika kwamba moyo wa mgonjwa unasema naye. Kinyume chake nacho ni hatari: mgonjwa anayeamrishwa kweli na sauti atasema "nimeambiwa", na mkalimani mwenye haraka atadhani ni habari aliyoipata kwa jirani. Katika kosa la kwanza mzima hutibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Katika la pili mgonjwa hurudishwa nyumbani na hatari yake.

Dawa ya makosa haya si ghali. Swali moja ligawanywe katika maswali manne: ni mlio au ni maneno? Maneno hayo ni ya lugha gani? Aliyeyasema unamjua? Anataka ufanye nini? Msomaji atatambua kwamba maswali ya namna hiyo ndiyo aliyoyauliza mganga wa pwani. Hatumshauri daktari awe mganga. Tunasema tu kwamba utaratibu huo wa mahojiano ulikuwa na busara ya lugha.

7. Hitimisho

Imebaki haja ya istilahi. Wengine wametumia maruweruwe kwa mambo ya macho na ya masikio pamoja, lakini neno hilo lina harufu ya homa na limekaa mno upande wa macho. Kutumia wazimu ni kuhukumu kabla ya kusikiliza. Tunapendekeza sauti za ghaibu. Ghaibu ni kutokuwako mbele ya macho. Neno hili halisemi kama msemaji ni Mungu, ni marehemu au ni ubongo wa mtu mwenyewe, bali lasema tu kwamba haonekani. Yuko atakayepinga kuwa neno hilo limeelemea dini. Jawabu letu ni kwamba twasema pia "kusoma kwa ghaibu", yaani kwa kukariri pasipo kitabu, na hapo hapana dini yoyote. Istilahi inayomwachia mgonjwa nafasi ya kueleza ni bora kuliko ile inayomfunga kinywa, na wenzetu wa vyuo vingine wanakaribishwa kuipima dhidi ya hiyo waliyo nayo.