Protée Apewa Nafasi: Albamu ya Mindif na Muziki wa Filamu

Ipo tabia ya kuihesabu albamu ya muziki wa filamu kuwa masalia ya filamu yenyewe, kitu cha kumkumbusha mtazamaji alichokwisha kukiona. Mindif, albamu ya mpiga piano Abdullah Ibrahim ya mwaka 1988, yenye muziki alioitungia filamu ya Chocolat, inaupinga mtazamo huo. Hoja yangu ni kwamba albamu hii inatamka jambo ambalo filamu ililinyamazia kwa makusudi.

Chocolat ni filamu ndefu ya kwanza ya Claire Denis, Mfaransa aliyeishi Kameruni utotoni. Tunaongozwa na kumbukumbu za France, binti wa ofisa wa kikoloni nchini Kameruni, lakini anayebeba uzito wa kisa ni Protée, mtumishi wa nyumbani, aliyeigizwa na Isaach de Bankolé. Yeye ndiye anayeandaa meza, anayelinda usiku, na anayemfunga mama mwenye nyumba gauni mbele ya kioo. Karibu na mwisho, kwenye kibanda cha jenereta, mtoto anataka kujua kama bomba ni la moto. Protée analishika. Mtoto anamwiga, anaungua kiganja, naye Protée anatokomea gizani. Maelezo hayatolewi. Denis anautumia muziki kwa uchache mno, hivyo tunaiona mikono ya mtu huyu na mgongo wake, lakini moyoni mwake hatuingii.

Hapo ndipo albamu inapoingia. Wimbo mmoja umepewa jina lake, "Protée", na mwingine jina la mahali, "Mindif". Humu hakuna picha inayosubiriwa kukatwa: saksofoni za Ricky Ford na Craig Handy, tromboni ya Benny Powell na dramu za Billy Higgins zina muda wa kuuzungumza muziki hadi uishe. Ibrahim anafanya alivyozoea. Kifungu kifupi kinarudiwarudiwa, na kila kinaporudi kinazidi uzito, juu ya vipatani vyenye asili ya nyimbo za kanisa alizokua nazo Cape Town. Mtumishi aliyekaa kimya kwenye filamu anapewa nafasi ya kufikiri, tena bila kuharakishwa na mtu. Halafu upo "Theme for Monk", heshima kwa Thelonious Monk, ambao hauhusiani kabisa na kisa cha Kameruni. Albamu ingekuwa masalia tu, wimbo huo ungetafuta nini humo?

Huenda mtu akapinga kwamba Mwafrika Kusini hakuwa na cha kusema kuhusu Kameruni. Pingamizi hilo silikubali. Ibrahim alizaliwa mwaka 1934, akaondoka kwao mwaka 1962, na albamu ilipotoka ubaguzi wa rangi ulikuwa bado ndiyo sheria ya nchi yake. Nyumba ambamo Mwafrika anahudumia meza asiyoruhusiwa kuketi hakuhitaji kuelekezwa iliko.

Na Denis mwenyewe nadhani alilijua hilo. Filamu inapomalizika, wapakia mizigo wa uwanja wa ndege wanapiga soga mvuani. Kamera iko mbali, maneno yao hatuyasikii. Tunachosikia ni muziki wa Ibrahim. Miaka miwili baadaye Denis alimwita tena atunge muziki wa filamu yake S'en fout la mort, na safari hiyo wanaume weusi wenyewe, wahamiaji nchini Ufaransa, ndio waliokuwa kiini cha kisa.