Mbiu Isiyo na Jambo

Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hii ilisimama juu ya imani, kwani mpigaji wa mbiu alijulikana, naye alijua sababu ya kuipiga. Historia ya kengele ya wezi ni historia ya mbiu iliyopoteza mpigaji wake.

Mwaka wa 1853 Augustus Russell Pope, kasisi wa Somerville katika Massachusetts, Marekani, alipata hataza ya kengele ya umeme. Mlango au dirisha lilipofunguliwa umeme ulipita, sumaku ikavuta nyundo, na kengele ikalia. Mwaka wa 1857 Edwin Holmes alinunua haki za uvumbuzi huo, kisha akaupeleka New York. Kengele iliyolia nyumbani ilisikiwa na mwenye nyumba; akiona kwamba ni upepo, alirudi kulala. Lakini nyaya zilipounganishwa na vituo vya ulinzi, hukumu ilimtoka aliye karibu ikamwendea aliye mbali, asiyeona kitu ila ishara.

Mtambo hausemi uongo, lakini haujui maana ya usemalo. Mwenye duka akikosea tarakimu za siri, betri ikidhoofika, pazia likipepea, paka akipita, au buibui akitanda utando mbele ya kihisi, ishara huwa ile ile ya mwizi. Katika mji wa Salt Lake City, miito ipatayo 99 katika kila 100 ilikuwa ya bure. Askari walikwenda wakirudi mikono mitupu, na mwenye shida ya kweli alingoja nyuma ya paka na pazia.

Mwaka wa 2000 mji huo uliweka sharti kwamba polisi wasiende kwa kengele ya wizi mpaka mtu, kama vile mlinzi wa kampuni, athibitishe kwa macho. Kitufe cha hatari kilichobonyezwa na mtu hakikufungwa na sharti hilo. Miito ilipungua kwa kadiri ya sehemu 9 katika 10. Kwingineko vituo hupiga simu kwa watu wawili kabla ya kuita polisi, au mtambo hungoja vihisi viwili vikubaliane.

Uthibitisho una gharama, maana dakika zake ni faida kwa mwizi. Hata hivyo, gharama ya kutosadikiwa ni kubwa zaidi. Baada ya karne na nusu mtambo ulimrudia shahidi uliyemwacha, kwa kuwa nguvu ya mbiu haimo katika ukubwa wa sauti yake, bali katika imani ya wanaoisikia.