Mwana-Mkula ni Nani?



Sisi tunaoshika daftari la michango huulizwa swali moja kila mwaka: fomu ya uanachama ijazwe na nani? Wapo wanaotaka iwe ya wazawa tu. Kabla ya kujibu, tutazame tulikotoka.

Bonde la Kilombero halijawahi kuwa la kabila moja. Wandamba walivua samaki na kulima mpunga kwenye mbuga za mafuriko. Wapogoro walikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge, na Wahehe walikuwa milimani. Wambunga, ambao leo tunawaita wenyeji wa Ifakara, walitokea kusini miaka ya 1860, wakati wa misukosuko ya Wangoni. Vita vya Majimaji vilipofika huku Agosti 1905, Wambunga na Wapogoro walilishambulia pamoja boma la Wajerumani la Mahenge. Miaka 40 tu ilitosha kumfanya mgeni kuwa mwenzi wa kufa na kuzikana.

Wengine walifuata kazi. Kiwanda cha sukari cha miaka ya 1960 kilivuta vibarua wa miwa kutoka mikoa mingi. Reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975, na wapo walioijenga wakabaki, wakaoa, wakafyeka mashamba. Baadaye wakaja Wasukuma na ng'ombe wao. Ndiyo maana mtoto wetu huitikia "kamwene" kwa jirani mmoja na "mwangaluka" kwa mwingine, na wote hula pepeta msimu wa mpunga mchanga.

Kilichobadilika ni ardhi. Juu yetu, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na tangu 2011 hata kuokota kuni ndani yake ni marufuku. Chini yetu, bonde liliingizwa katika orodha ya ardhioevu za Ramsar mwaka 2002, na mwaka 2012 Serikali ikaendesha operesheni ya kuondoa mifugo. Shamba linapokuwa dogo, swali la "wewe ni wa wapi?" linakuwa kubwa. Tusidanganyane: neno "mzawa" limepanda bei kadiri ekari zilivyopungua.

Hatusemi hakuna madhara. Ng'ombe kuingia kwenye mpunga kumewaumiza watu wetu, na mipaka ya vijiji lazima iheshimiwe. Lakini hiyo ni kesi ya matumizi ya ardhi. Ihukumiwe hivyo, isigeuzwe kesi ya damu.

Mfereji wa skimu ukiziba, anayeshika koleo haulizwi kabila. Nasi tulioko mijini ni wahamiaji vilevile. Tumejenga na kusomesha watoto kwenye ardhi ambayo babu zetu hawakuzikwa.

Pendekezo letu kwa mkutano mkuu ni hili: fomu iulize mambo mawili tu. Je, Mkula ni kwenu, kwa kuzaliwa au kwa kuishi? Je, utachangia? Madarasa tunayochangia mwaka huu yatakaliwa na watoto wa wote hao. Ahadi zenu tunazisubiri, na kila shilingi itasomwa hadharani.