Baki la Hesabu Laenda Wapi?

Tenke ni mji wa njia panda. Tangu mwaka 1931 reli itokayo Lobito kwa kupitia Dilolo hukutana hapo na reli ya Katanga, na shaba nyingi ya nchi yetu imepita hapo. Penye mizigo pana mizani, na penye mizani pana hesabu. Zamani hesabu hiyo iliandikwa kwa kalamu katika daftari. Siku hizi twaitegemea kompyuta. Na watu wengi husema: “Mashine imekwisha kuhesabu, basi hakuna kosa.” Je, ndivyo ilivyo? Tuitazame historia.

Wazee wa Katanga walitumia misalaba ya shaba kama fedha. Aliyehesabu misalaba kumi alijua kwamba anayo kumi kamili, kwa maana hesabu ya vitu vizima haina baki. Shida huanza tunapogawanya. Gawanya faranga 10 kwa watu watatu: utaandika 3.33, kisha 3 nyingine na nyingine, wala hutamaliza hata ukijaza ukurasa mzima. Mwisho huna budi kukata mahali fulani. Kompyuta nayo hukata vivyo hivyo, kwa sababu nafasi yake ya kuandikia namba ina mpaka.

Mwaka 1982 kampuni ya Sinclair ya Uingereza ilitoa kompyuta ndogo ya nyumbani iitwayo ZX Spectrum, na mwaka uleule ilitoka Commodore 64 ya Marekani. Vijana wengi wa Ulaya walijifunza kutunga programu kwa mashine hizo. Kila namba yenye desimali iliwekwa katika vyumba vitano vidogo vya kumbukumbu, basi. Spectrum iliweza kushika namba nzima kwa ukamilifu hadi 4,294,967,295. Kupita hapo, tarakimu za mwisho huanza kupotea, kama punje zinazomwagika kibaba kikijaa.

Labda msomaji atauliza: “Nani ana haja ya kuhesabu bilioni nne?” Sisi watu wa Kongo twalijua jibu. Mwaka 1967 zaire moja ilichukua mahali pa faranga 1,000, ikawa sawa na dola 2 za Marekani. Bei zikapanda mno, hata mwaka 1993 zaire mpya moja ikachukua mahali pa zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, badala ya zaire mpya 100,000. Ukizidisha, faranga moja ya mwaka 1998 ni zaire 300,000,000,000 za kwanza. Ile namba kubwa ya Spectrum, ikiwa ni zaire za kwanza, haikufika hata senti 2 za faranga hiyo!

Mfikirie mtu aliyefungia sandukuni zaire 20,000 mwaka 1967. Siku ile zilikuwa dola 40,000. Mwaka 1993 likuta moja jipya lilikuwa sawa na zaire 30,000 za zamani. Basi mali yake yote haikufikisha likuta moja. Kupanda kwa bei ndiko kulikoila mali hiyo. Lakini pale mwisho, kilichosalia kilikuwa kidogo hata hakikuwa na mahali pa kuandikwa.

Baki dogo laweza pia kuleta hasara kubwa likikatwa mara nyingi. Huko Vancouver, Kanada, kulikuwa na soko la hisa lililojulikana kwa hisa za makampuni ya madini. Mwaka 1982 soko hilo lilianza kipimo cha bei kwa namba 1,000. Kompyuta ilikikokotoa upya maelfu ya mara kila siku, na kila mara ilibakiza tarakimu tatu baada ya nukta na kuzitupa zilizofuata, badala ya kuipeleka namba kwenye ile iliyo karibu zaidi. Hivyo kila baki lilianguka upande mmoja tu. Novemba 1983 kipimo kilionyesha karibu 525. Kiliporekebishwa, kilionekana kuwa karibu 1,099. Nusu nzima ilikuwa imepotea, chembe kwa chembe.

Tena kuna jambo la kushangaza zaidi. Kompyuta huhesabu kwa kugawa nusu kwa nusu. Kata bukari nusu, kisha robo, kisha sehemu ya nane, ya kumi na sita; endelea upendavyo, ujumlishe vipande upendavyo, hutapata kamwe sehemu moja ya kumi iliyo kamili. Mtambo wa Marekani wa kuzuia makombora, uitwao Patriot, ulihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Arabia ya Saudi, ulikuwa umefanya kazi saa 100 bila kuzimwa, na makosa madogo yalikuwa yamefika theluthi ya sekunde. Kombora la Irak halikuzuiwa, na askari 28 wakafa.

Wataalamu hawakukaa bure. Mwaka 1985 ilitolewa kanuni moja ya namba za kompyuta, na Profesa William Kahan wa Berkeley alikuwa kiongozi katika kuitunga. Kanuni hiyo yaeleza jinsi ya kukata baki, na ina namba pana ziwezazo kushika tarakimu 15 kwa ukamilifu. Hata hivyo sehemu ya kumi bado haiingii kamili. Ndiyo maana watunzi wa programu walio waangalifu huhesabu fedha kwa senti nzima, wala si kwa vipande vya faranga.

Basi, aliye na mshahara, au gunia mizanini, au akiba katika chama, asiogope kuuliza: namba hii imekatwa wapi, na baki limeandikwa kwa nani? Ni swali la haki, wala si la matusi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta ni daftari tu. Aliyeamua mahali pa kukata ni mtu, na mtu huyo aweza kuulizwa.