Mizani ya Facebook

Ilipowadia tarehe 5 Septemba 2006, Facebook, ambayo hapo awali ilimlazimu mtu kuzuru ukurasa wa kila sahibu yake mmoja mmoja ili apate habari zake, ilianza kuzikusanya habari hizo zote mahali pamoja, na watumiaji wengi wakaghadhibika kwa kuona mambo yao yameanikwa hadharani. Kwa kuwa habari zilizidi kiasi cha mtu kuzisoma, ikabidi programu izipime na kuzipanga. Na katika mizani hiyo, mwaka 2017, alama ya uso wenye hasira ilihesabiwa sawa na alama tano za kupenda, hata maneno ya fitina, ambayo kwa hakika hayakustahili hadhi hiyo, yakatangulizwa mbele ya macho ya halaiki. Ilikuwa dhuluma kubwa, na uzito huo haukufutwa kabisa ila mwaka 2020.