Fungua Mdomo Tuone Meno

Kama hujawahi kuona ng'ombe akiulizwa umri, njoo Ogwedhi siku ya soko. Dalali anamshika ng'ombe pua, anamwinua kichwa, anafungua mdomo na kuhesabu meno ya mbele ya chini, maana juu ng'ombe hana. Meno makubwa mawili, huyo ana kama miaka miwili. Mdomo ukijaa manane, ameshapita minne. Mwenye ng'ombe aseme anachotaka, kwa Kijaluo, Kimaasai, Kikuria au Kiswahili cha sokoni. Meno ndiyo cheti.

Nimelelewa hapo, mpakani mwa Migori na Trans Mara, na sikuwahi kufikiria kwamba binadamu pia hufunguliwa mdomo. Nilielewa Desemba iliyopita, ajenti wa mpira alipokuja kutazama vijana. Alitaka wa chini ya miaka 16, wa kupeleka akademia Nairobi. Binamu yangu, nitamwita Okoth, alicheza dakika ishirini hivi na kufunga mabao mawili. Ajenti akamfuata mamake pembeni ya uwanja. "Mama, kijana ni mzuri. Shida ni karatasi yake imezeeka."

Okoth ana miaka 17. Ajenti alitaka ipunguzwe miwili.

Jioni Waya akanipigia simu. Kwetu mimi bado ndiye msomi, ingawa niliacha chuo mwaka wa pili na sasa ninakula kwa kuandika vitu vya watu. "Mwanangu, wewe ndiye unajua mambo ya fomu," akasema. "Tuandike nini?"

Nilimwambia anipe siku mbili. Halafu nikafanya kile ninachofanya nikiogopa kujibu: nikaanza kusoma. Nilitaka kujua watu wenye pesa na vifaa huwapima vijana vipi. Nikajikuta, amini usiamini, kwenye hoki ya barafu.

Najua. Barafu yenyewe tumeijua juzi tu, uwanja wa hoteli ya Panari ulipofunguliwa Mombasa Road mwaka 2005. Lakini hoki ina kitu mpira wetu hauna: drafti. Sio ile ya vifuniko vya soda. Hii ni siku ambayo timu za ligi ya kulipwa huchagua vijana kwa zamu, na kwa kawaida zilizofanya vibaya huchagua mapema. NHL ilifanya drafti yake ya kwanza Montreal tarehe 5 Juni 1963. Walichaguliwa vijana 21, na wa kwanza, Garry Monahan, alikuwa na miaka 16. Tangu 1975 ligi ina ofisi nzima ambayo kazi yake ni kuwatazama vijana na kuwapanga kwa orodha kabla ya siku hiyo. Wanaangalia kasi, macho ya mchezo, mwili, tabia. Halafu wanabahatisha kijana huyu wa 18 atakuwa nani akifika 25.

Na wanakosea. Pavel Datsyuk alipitwa mpaka mwaka 1998, Detroit walipomchukua nambari 171. Aliishia kubeba Kombe la Stanley mara mbili, 2002 na 2008. Timu zote zilikuwa na nafasi ya kumchukua mapema zaidi, na zote zilimpita, hata Detroit wenyewe.

Lakini kosa lililonikalisha chini si la mtu mmoja. Miaka ya themanini mwanzoni, mwanasaikolojia Roger Barnsley alikuwa akitazama mechi ya vijana Lethbridge, Kanada, na mkewe Paula. Paula alikuwa anasoma kijitabu cha mechi, akaona jambo la ajabu kwenye tarehe za kuzaliwa: wengi wa wachezaji walizaliwa Januari, Februari na Machi. Barnsley akahesabu, na mwaka 1985 akachapisha na wenzake. Si kwamba Januari huzaa mafundi. Watoto wa hoki hupangwa kwa mwaka wa kalenda, kwa hiyo wa Januari anacheza na wa Desemba, na wakiwa na miaka tisa au kumi, miezi kumi na moja ni kitu kikubwa. Mkubwa anaonekana ana kipaji. Anachaguliwa, anapewa kocha mzuri na mechi nyingi, na baada ya muda kweli anakuwa bora. Utafiti mwingine wa 2013, uliopitia drafti za NHL za 1980 hadi 2007, ulionyesha kwamba hata maskauti wa ligi kuu walikuwa wakiwapita wadogo wa mwaka: waliozaliwa mwishoni walichaguliwa nyuma kuliko walivyostahili kwa kazi waliyokuja kufanya.

Soma hiyo tena ukifikiria Ogwedhi. Ikiwa miezi kumi na moja inaweza kumdanganya skauti mwenye ofisi na orodha, miaka miwili iliyokatwa kwa kalamu itafanya nini? Yule ajenti hakuwa mjinga. Alijua kwamba Okoth wa 17 akisimama kati ya watoto wa 15 atang'aa. Alikuwa anamnunulia Januari.

Historia yetu ina mtu aliyepitia kitu cha aina hiyo. Manute Bol alikuwa Mdinka wa Sudan, binamu yetu wa mbali wa Kiniloti, mrefu wa mita 2.31. Mwaka 1983 San Diego Clippers walimchagua kwenye drafti ya NBA, na ligi ikasema hakufuata taratibu za kujiandikisha. Pasipoti yake ilisema urefu wake ni futi tano na inchi mbili. Bol alieleza kwamba maafisa walimpima akiwa ameketi. Kuhusu umri, miaka mingi baadaye Kevin Mackey, aliyekuwa kocha wa Cleveland State, alisema kwamba tarehe ya kuzaliwa ya Bol, 16 Oktoba 1962, aliitunga yeye mwenyewe. Bol hakuwa anajua ana miaka mingapi. Mwaka 1985 Washington Bullets wakamchukua nambari 31, na msimu wake wa kwanza akazuia mipira 397, kuliko mtu yeyote ligini.

Watu hupenda kuicheka hadithi hiyo. Mimi sicheki. Kwa kina Bol, kama kwetu, mtu alizaliwa siku fulani bila shaka, ila hakuna aliyeiandika. Sisi tuliiweka kwenye jina. Otieno ni wa usiku, Onyango ni wa asubuhi jua likiwa juu, Okoth ni wa mvua. Jina linakuambia saa na hali ya hewa. Mwaka halikuambii.

Na hata ukijua umri sawasawa, kipimo bado kinaweza kukudanganya. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alifika drafti ya NBA ya 2009 na sifa zote: mita 2.21, mlinzi bora wa ligi yake ya vyuo akiwa Connecticut, mpira wa kikapu akiwa ameuanza ujanani tu. Memphis wakamchukua nambari mbili. James Harden akaenda nambari tatu. Stephen Curry, waliyesema ni mwembamba, nambari saba. Msimu huohuo Thabeet akashushwa ligi ya chini, na jumla ya maisha yake NBA ikawa wastani wa pointi 2.2 kwa mechi. Si kwamba alidanganya. Walipima kilichokuwa rahisi kupima, urefu, na kukiita mustakabali.

Mwaka huohuo wa 2009 FIFA ilianza kupiga picha za MRI za kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, Nigeria, kutafuta mifupa iliyopita umri. Niliposoma hapo nikamwona dalali wetu, ameshika pua. Fungua mdomo tuone meno.

Siku mbili zikaisha. Nikampigia Waya, nikamuuliza Okoth alizaliwa lini hasa. Kadi ya kliniki ilipotea zamani. Akafikiri, akasema: "Mvua kubwa ya kwanza baada ya vurugu. Tulikuwa tumeanza tena kwenda sokoni bila kuogopa." Vurugu za uchaguzi wa 2007. Mkataba wa amani ulitiwa saini 28 Februari 2008, na mvua ndefu hufuata Machi na Aprili. Kwa hiyo Okoth ana tarehe, tena nzuri kuliko vyeti vingi. Yeye ni mtoto wa amani ile. Kumwandika 2010 ni kumtoa hapo.

Hiyo ndiyo sababu niliyompa Waya. Sababu nyingine sikumwambia: mimi pia nilichaguliwa kwa namba. Alama zangu za KCSE zilinipeleka kwenye kozi iliyokuwa na nafasi, nikakaa miaka miwili nikijifanya mtu wa kozi ile, mpaka nikashindwa kuendelea. Najua inavyochosha kuishi kwenye karatasi ambayo si yako. Okoth angelazimika kuishi kwenye yake kila mechi, akingoja siku ya MRI.

Nikajaza fomu: Aprili 2008. Ajenti hakupiga simu tena.

Ningependa kumaliza kwa kukuambia kwamba nilifanya vizuri. Sijui. Kuna kijana mwingine wa kwetu aliyekatwa miaka na yuko Nairobi sasa hivi, anakula, anafundishwa, ana viatu. Kusema ukweli kwenye mtihani uliopindishwa tangu mwanzo hakumsaidii sana aliyefeli. Barnsley angesema tubadilishe mtihani: tuwatazame vijana muda mrefu zaidi, tuwape nafasi waliochelewa kukua, tusiite ukubwa kipaji. Dakika ishirini uwanjani hazitoshi hata kununua ng'ombe.

Nilirudi nyumbani Pasaka. Okoth alinisalimia kwa mkono tu, bila lile "omera" lake la kawaida. Jioni akavaa viatu akaenda uwanjani. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha. Waya alisimama mlangoni akimwita arudi, na yeye akaendelea kukimbia.