Masomo ya Uwandani katika Nchi ya Ufipa

Ufipa ni nchi iliyoinuliwa baina ya maji mawili. Upande wa magharibi ardhi huporomoka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake hufika mita 1,470. Upande wa mashariki huporomoka tena hadi Ziwa Rukwa, ziwa la maji haba lisilo na mto utokao, linalopanuka na kunywea kwa kadiri ya mvua. Mji wa Sumbawanga uko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kwa mwendo wa siku chache mwanafunzi wa elimu ya viumbe aweza kutoka ziwa la kale lenye kina kikubwa, akapita nyanda za majani zenye baridi, akashuka katika mbuga ya joto na matope. Wataalamu walikwisha kulitambua jambo hilo tangu karne ya kumi na tisa. Lakini miongoni mwao wako waliopita, na wako waliokaa. Na tofauti ya makundi hayo mawili ndiyo historia yenyewe.

Aliyepita kwa kishindo kuliko wote ni Mwingereza J. E. S. Moore, aliyefika Tanganyika mwaka 1896, akarudi tena mwaka 1899. Kabla yake, mwaka 1883, Mjerumani Richard Böhm alikuwa amekwisha kuona yavuyavu katika maji yale matamu, mnyama ambaye watu walizoea kumtafuta baharini. Moore aliokota makombe ya konokono wa ziwani, akaona yanafanana na makombe ya baharini ya zama za Jurasi yaliyogeuka mawe. Basi akatoa hukumu kwamba Tanganyika ilikuwa mkono wa bahari uliokatika. Hoja ilipendeza, na mwaka 1903 akaiandikia kitabu kizima. W. A. Cunnington, aliyetumwa kuendeleza kazi hiyo mwaka 1904, hakuona ushahidi wa kutosha. Leo yajulikana kwamba ziwa lilizaliwa kwa kupasuka kwa ardhi, na konokono wake walijipatia maumbo hayo humo humo ziwani. Moore hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa na makombe mkononi, ila hakuwa na miaka.

Upande wa Rukwa mambo yalikwenda kwa namna nyingine, kwa sababu huko elimu ilisukumwa na njaa. Kuanzia mwaka 1930 hata 1944 nzige wekundu walienea katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya Ikweta, wakala mashamba ya nchi nyingi. Uchunguzi ulionyesha kuwa makundi yale hayazuki kila mahali, bali huanzia katika mabonde machache yenye mafuriko, na bonde la Rukwa ni mojawapo. Ndipo mwaka 1949 ikaundwa idara ya kimataifa ya kuwazuia, makao yake Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala katika Zambia, jirani kabisa na Ufipa.

Kazi ya watu wale yafaa kutazamwa kwa utulivu. Boris Uvarov alikuwa ametangaza mwaka 1921 kwamba nzige wa peke yake na nzige wa kundi wanaweza kuwa mdudu mmoja mwenye hali mbili. Wakisongamana, hugeuka rangi na tabia. (Mkulima amwonaye nzige mwekundu akiwa peke yake majanini atasema ni panzi tu, wala hatalaumiwa.) Lakini ni nini kinachowasonga? Jawabu halikuwa kwa mdudu, lilikuwa katika majani na maji. Nzige mwekundu huzaa kizazi kimoja tu kwa mwaka: hutaga mvua zinapoanza, tunutu wakakua katika majani mabichi, na wakubwa wakavumilia kiangazi chote wakingoja mvua nyingine. Kwa hiyo hapana budi mchunguzi naye angoje. Desmond Vesey-FitzGerald alitembea mbuga za Rukwa mwaka baada ya mwaka, akiandika ni majani gani huota wapi maji yanapopanda, na yapi hufuata yanapopwa. Katika kungoja huko akajifunza jambo ambalo hakutumwa kulitafuta: kwamba wanyama wazito, kama tembo na nyati, hukanyaga na kupunguza majani marefu, na hivyo hufungua malisho kwa nyamera na wanyama wadogo zaidi. Makala yake ya mwaka 1960 juu ya zamu hizo za malisho ingali ikisomwa na wanafunzi wa elimu ya wanyama. Idara ile baadaye iliundwa upya, lakini bonde halikuachwa; mwaka 2009 nzige wa Rukwa walinyunyiziwa kuvu anayewaua wadudu hao bila ya kuleta sumu ya kawaida majini.

Wenye nchi nao walikuwa na maabara zao, ingawa wageni wengi waliziona kuwa vichuguu vikubwa. Ni malungu, matanuri ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu, ambamo Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma bila ya mivukuto: hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, ikavutwa juu na joto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Bertram Mapunda, mtaalamu wa mambo ya kale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipochunguza masalio hayo kwa ajili ya shahada yake ya udaktari, aliyoipata mwaka 1995, alionyesha kuwa nchi hii ilijua ufundi wa namna tatu, si mmoja. Ufundi wa namna hiyo haufahamiki kwa kutazama picha. Mwanafunzi asimame ndani ya ilungu, apime matundu, aulize mkaa ulitoka mti gani. Ndipo atakapojua kwamba aliyelijenga alikwisha kupima kabla yake.

Kufundisha makundi ya wanafunzi kwa utaratibu kulianzia kaskazini zaidi katika ziwa hilo hilo, mjini Kigoma. Mwaka 1998 Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona alianzisha Mradi wa Nyanza, ambamo wanafunzi wa Marekani walijifunza pamoja na wanafunzi wa nchi zinazolizunguka ziwa. Kila mmoja alipewa utafiti wake mdogo: mashapo ya sakafuni, konokono, samaki wa mawe, hewa na maji. Wako watakaosema kwamba wiki chache hazimfanyi mtu mtaalamu, nao wana haki. Hata hivyo mwanafunzi alipita, kazi ikabaki, na madaftari ya mwaka mmoja yakalinganishwa na ya mwaka uliofuata.

Faida ya kulinganisha ilidhihirika mwaka 2003. Watafiti walichukua vipimo vya joto la maji vilivyofanywa na Mbelgiji Louis Stappers mwaka 1913, wakaviweka kando ya vipimo vipya, wakaona kwamba ziwa limepata joto. Maji ya juu yakiwa vuguvugu huwa mepesi, hayachanganyiki upesi na ya chini. Upepo wa kiangazi hushindwa kupandisha chakula kilichozama, mimea midogo ya majini hupungua, na dagaa hupungua kwa sababu hiyo. Matokeo hayo yalichapishwa kwa Kiingereza katika majarida ya Ulaya na Marekani. Wavuvi wa Kirando, Kipili na Kasanga, walio chini ya mteremko wa Ufipa, ndio wanaoingia ziwani kila usiku wa giza na taa zao kuwatafuta dagaa wale wale.